Jinsi ya Kupakia Picha za Wafanyakazi kwa Mkupuo na Kupata Picha za Wasifu za Timu Nzima

Taasisi nyingi zinapotaka kuwatambulisha wafanyakazi wake mtandaoni hujikuta zimekusanya picha za kila namna: mmoja amepigwa studio mbele ya pazia la bluu, mwingine amekatwa kutoka kwenye picha ya sherehe na bega la mtu wa pembeni bado linaonekana, wa tatu amejipiga akiwa ndani ya gari. Siku hizi zipo huduma za akili mnemba zinazopokea picha hizo za kawaida kwa mkupuo na kurudisha picha za wasifu zenye mwanga mmoja, mandhari moja na ukubwa mmoja. Maelezo haya ni kwa ajili ya aliyekabidhiwa kazi hiyo, awe ofisa utumishi, ofisa habari au mtaalamu wa mifumo. Kitufe cha kupakia ni sehemu ndogo kuliko zote. Picha nzuri hupatikana au hukosekana katika mambo yanayokitangulia kitufe hicho, yaani ridhaa, ukusanyaji na upangaji wa mafaili, na katika jambo moja linalofuata baadaye, nalo ni kumpa kila mtu neno la mwisho juu ya sura yake.

Kuhariri au kuzalisha

Amua kwanza unataka kazi ipi kati ya mbili ambazo mara nyingi huuzwa kwa jina moja. Ya kwanza ni kuhariri: programu huichukua picha ileile, huondoa mandhari ya nyuma, husawazisha mwanga na hukata pembezoni ili vichwa vyote vilingane, lakini uso hubaki ule uliopigwa na kamera. Ya pili ni kuzalisha: modeli, yaani programu iliyofundishwa kwa mifano mingi ya picha, hujifunza sura ya mtu kutokana na picha alizoleta, kisha huchora picha mpya ambayo haijawahi kupigwa, pengine akiwa amevaa koti asilolimiliki. Njia hii ya pili ilipata nguvu mwaka 2022, watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Boston walipotangaza mbinu ya DreamBooth, iliyoonyesha kwamba picha tatu hadi tano tu za kitu kimoja zinaweza kuifundisha modeli kukichora kitu hicho katika mazingira mapya. Huduma za sasa hutofautiana sana. Zipo zinazoridhika na picha moja, na zipo zinazotaka zaidi ya kumi kwa kila mtu.

Rai yangu ni kwamba, ikiwa kila mfanyakazi ana walau picha moja yenye mwanga mzuri, kuhariri kunatosha na kuna usalama zaidi, kwa kuwa hakuna mtu atakayepewa meno au nywele zisizo zake. Kuzalisha kufikiriwe pale ambapo picha zilizopo ni mbovu kweli, au pale ambapo watu wametawanyika kiasi kwamba mpigapicha hawezi kuwafikia. Kwa vyovyote vile, picha iliyozalishwa isitumike kwenye kitambulisho, kadi ya kufungulia mlango, pasipoti au mahali pengine popote ambapo uso utalinganishwa na mtu mwenyewe, kwa sababu kilichopo pale ni mchoro unaomfanana, na mfanano huo una kasoro zake.

Ridhaa kabla ya picha

Picha ya uso wa mtu anayetambulika ni taarifa binafsi. Kanuni ya Ulinzi wa Taarifa ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, inaitambua hivyo, na inaongeza ulinzi mkali zaidi pale ambapo uso unachakatwa kwa mbinu maalumu za kiufundi ili kumtambua mtu mmoja mahsusi. Katika jimbo la Illinois nchini Marekani, sheria ya taarifa za kibayometriki ya mwaka 2008 inataka mtu ajulishwe kwa maandishi na atoe idhini ya maandishi kabla ya kampuni kuchukua vipimo vya umbo la uso wake. Soma sheria ya mahali taasisi yako ilipo kabla ya kuendelea, na umshirikishe mwanasheria ikiwa unaye.

Ugumu wa ridhaa kazini ni kwamba anayeomba ni mwajiri, na mfanyakazi anaweza kuona hana njia ya kukataa. Ndiyo maana lazima pawepo njia mbadala ya kweli, isiyomwaibisha wala kumchelewesha anayeichagua. Ujumbe wa kuomba picha unaweza kuandikwa hivi:

“Ndugu mfanyakazi mwenzetu, tunaomba picha tatu za uso wako ili zitumike kutengeneza picha ya wasifu itakayowekwa kwenye tovuti na kwenye mfumo wa barua pepe wa ofisi. Picha hizo zitatumwa kwa mtoa huduma wa nje, zitachakatwa kwa akili mnemba na zitafutwa kwake ndani ya siku 30. Hakuna picha itakayotumika kabla hujaiona na kuikubali. Usipopenda utaratibu huu, utapigwa picha ya kawaida ofisini, na uamuzi wako hautaathiri jambo lolote katika kazi yako.”

Usiandike ahadi hizo kabla hujazithibitisha kwa mtoa huduma. Muulize picha zitakaa kwake kwa muda gani, kama zitatumika kufundisha modeli nyingine, seva zake ziko nchi gani, na nani ndani ya kampuni yake anaweza kuzifungua. Majibu yawemo kwenye mkataba, kwa sababu maneno ya tangazo la biashara hubadilishwa bila taarifa.

Picha ipigweje

Waambie wafanyakazi waziwazi namna ya kupiga, kwa kuwa mtu asiyeelekezwa atatuma picha anayoipenda, na picha inayopendwa mara nyingi imepitishwa kwenye filta. Filta za urembo hulainisha ngozi, hupunguza taya na hukuza macho. Modeli ikifundishwa kwa picha ya namna hiyo itaamini kwamba hiyo ndiyo sura, na itaitia chumvi.

Umbali wa kamera una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha, kwa kutumia vipimo vya uso wa kawaida wa mwanamume, kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa takribani sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko inavyoonekana kwa umbali wa mita moja na nusu. Kwa hiyo selfi ya mkono haifai kuwa picha pekee. Mfanyakazi amwombe mwenzake asimame mita moja na nusu hivi kutoka kwake na kumpiga kwa kamera ya nyuma ya simu, au aiegemeze simu juu ya kitu kwa usawa wa macho na kutumia kipima muda.

Asimame akitazama dirisha, mwanga ukimwangukia usoni. Akilipa dirisha mgongo, uso utakuwa giza na hakuna programu itakayorudisha kile ambacho kamera haikukiona. Taa ya dari iliyo juu ya kichwa iepukwe kwa kuwa hutia vivuli kwenye matundu ya macho. Nyusi zote mbili, masikio kama hayafunikwi, na mstari wa kidevu vionekane. Mwenye kuvaa miwani kila siku aivae, ila ainamishe fremu kidogo ili vioo visiakisi mwanga. Mwenye kujifunika kichwa ajifunike kama anavyokuja kazini. Mwenye ndevu, kovu, mwanya au alama ya kuzaliwa asivifiche. Ni katika vitu hivyo wenzake wanamjua.

Mkiomba picha tatu, moja iwe ya kutazama mbele, moja ya kugeuka kidogo kushoto na nyingine ya kugeuka kidogo kulia, zote za siku za karibuni. Picha ya miaka mitano iliyopita ikichanganywa na ya jana huzaa mtu wa umri wa katikati ambaye hayupo.

Zingatia pia njia ya kutuma. Programu za kutumiana ujumbe hubana picha ili zipite haraka, na kinachopotea hakirudi. Fomu ya mtandaoni yenye sehemu ya kupakia faili ndiyo bora. Pale ambapo lazima itumike WhatsApp, picha itumwe kama hati, ili ifike na pikseli zake zote.

Rangi ya ngozi

Hapa nawasihi wasomaji wasipite haraka. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti juu ya mifumo mitatu ya kibiashara iliyokuwa ikikisia jinsia ya mtu kwa kutazama uso, wakakuta kwamba makosa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7, ilhali kwa wanaume wenye ngozi nyeupe hayakuzidi asilimia 0.8. Kazi ya mifumo ile ilikuwa tofauti na hii tunayoizungumzia, lakini chanzo cha tatizo, yaani mafunzo yaliyoegemea nyuso za aina moja, kinaweza kuwemo katika modeli za kuchora picha pia. Matokeo yake huonekana kwa macho: ngozi hung'arishwa, pua hupunguzwa, nywele za kusuka hugeuzwa kuwa nyuzi zisizo na mpangilio, na kilemba au hijabu hukunjwa kwa namna ambayo kitambaa hakiwezi kukunjika.

Dawa ya kwanza ni mwanga wa kutosha wakati wa kupiga, kwa sababu ngozi nyeusi iliyopigwa gizani huipa modeli taarifa chache. Dawa ya pili ni kulinganisha matokeo na picha halisi zikiwa bega kwa bega, kwenye skrini ileile. Watu wawili tofauti wanaweza kuita rangi moja kwa majina tofauti, hivyo kipimo cha rangi husaidia. Kipimo cha Monk, kilichotolewa wazi na Google mwaka 2022 kwa kushirikiana na mwanasosholojia Ellis Monk, kina rangi 10, kuanzia ya 1 iliyo nyeupe kuliko zote hadi ya 10 iliyo nyeusi kuliko zote, na hutumika bure. Ikiwa mtu aliyeingia na rangi ya 8 anatoka na rangi ya 6, picha hiyo ni mbovu, hata kama suti imekaa vizuri. Mtoa huduma akishindwa kurekebisha hilo, badilisha mtoa huduma.

Majina ya mafaili na jedwali

Usitumie majina ya watu kuyaita mafaili. Watu wawili wanaweza kuwa na majina yaleyale matatu, mmoja akaandika jina lake kwa herufi kubwa na mwingine kwa ndogo, na alama ya juu katika ng' ina maumbo mawili kwenye kompyuta, iliyonyooka na iliyopinda, ambayo jicho haliyatofautishi ilhali mfumo huyahesabu kuwa herufi mbili. Tumia namba ya mfanyakazi ikifuatwa na namba ya picha: 00417_1.jpg, 00417_2.jpg, 00417_3.jpg. Tamati za mafaili zote ziandikwe kwa herufi ndogo, kwa kuwa zipo seva zinazoona .JPG na .jpg kuwa vitu viwili.

Kisha tengeneza jedwali lenye safu za namba, jina la kuonyeshwa, cheo, idara, faili na ridhaa, mstari mmoja kwa kila picha. Jihadhari na sifuri za mwanzo. Ukibandika 00417 kwenye Excel bila kuiambia kwamba safu ile ni ya maandishi, itaandika 417, na mfumo utakapotafuta picha za mfanyakazi 417 hautaona kitu, wakati picha zipo palepale kwenye folda kwa jina la 00417. Ifanye safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kubandika chochote. Unapohifadhi, chagua CSV (jedwali la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa alama) yenye usimbaji wa UTF-8, yaani mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, vinginevyo majina yenye herufi kama é au ü yatatoka na alama zisizosomeka. Lifungue faili hilo kwa programu ya maandishi matupu na kuhakikisha vitenganishi ni mkato, kwa kuwa kompyuta zilizopangwa kwa desturi za baadhi ya nchi huweka nukta mkato.

Usipakie jedwali zima la utumishi kwa sababu tu lilikuwa karibu. Namba za simu, tarehe za kuzaliwa na mishahara havina kazi hapa. Na mstari ambao safu yake ya ridhaa haina neno “ndiyo” uondolewe pamoja na picha zake kabla ya kwenda mbele.

Kusafisha mafaili

Fanya kazi hii kwenye nakala, na uache picha za asili kwenye folda nyingine. Simu za iPhone, tangu mfumo wa iOS 11 wa mwaka 2017, huweza kuhifadhi picha katika muundo wa HEIC, ambao si kila huduma inaupokea; zibadilishe ziwe JPEG. Picha za simu hizo pia hubeba wigo mpana wa rangi, kwa hiyo zigeuze ziwe sRGB, wigo wa kawaida wa rangi kwenye mtandao, wakati huohuo, la sivyo ngozi inaweza kuonekana imepauka pale ambapo programu inayofuata haisomi maelezo ya rangi.

Ndani ya kila picha ya simu kuna maelezo yaliyofichika yanayoitwa EXIF. Mojawapo ni mwelekeo wa picha, na ndilo linalosababisha picha iliyosimama kwenye simu ilale ubavu ikishapakiwa. Jingine ni mahali picha ilipopigwa. Mfanyakazi aliyepigwa sebuleni kwake huenda amekutumia, pamoja na sura yake, vipimo vya ramani vya nyumba yake, na si haki kumpelekea mtu wa nje taarifa hiyo. Maelezo hayo yafutwe, lakini kwa mpangilio: kwanza picha zigeuzwe ili zisimame zenyewe, rangi ziwe sRGB, ndipo maelezo yaondolewe. Ukianza kwa kufuta, maelezo ya mwelekeo yataondoka nayo, na utabaki kuzigeuza moja moja kwa mkono. Anayetumia ImageMagick, programu ya bure ya kuhariri picha kwa amri za kuandika, anaweza kuzigeuza kwa mogrify -auto-orient, kisha, baada ya kushughulikia rangi, akaondoa maelezo kwa mogrify -strip. Programu hiyo huandika juu ya faili lilelile, ndiyo maana nimesisitiza nakala.

Kuhusu ukubwa, usipime picha nzima, pima uso. Picha ya pikseli 4000 ambayo mtu amesimama mbali ndani yake inaweza kuwa na uso wa pikseli 200, na hiyo haitoshi. Mimi hukubali uso wenye upana wa pikseli 500 au zaidi. Kuikuza picha ndogo kwa programu hakusaidii, kwa sababu vinyweleo na mistari inayoongezwa ni ya kubuniwa.

Kupakia

Anza na kundi la majaribio la watu watano au sita, na uwachague kwa makusudi: mwenye ngozi nyeusi kuliko wote, mwenye miwani, aliyejifunika kichwa, mwenye ndevu, mwenye nywele za kusuka, mwenye upara. Modeli ikiwatendea haki hao, wengine watapita bila shida kubwa. Katika kundi hilo ndipo unapochagua rangi ya nyuma, urefu wa kukata kifuani na mavazi, kisha unaandika uchaguzi huo mahali, pamoja na namba ya rangi yenyewe, kama #E6E9ED. Pendelea mandhari tulivu ya rangi moja. Ofisi za kuchorwa zenye madirisha yaliyofifia huchakaa haraka na mara nyingi zina mistari isiyokutana.

Baada ya hapo bana folda iwe faili la zipu. Ukitumia kompyuta ya Mac, faili hilo linaweza kubeba folda iitwayo __MACOSX na mafaili ya .DS_Store, ambayo mifumo mingi huyasoma kama picha mbovu, yaondoe. Wafanyakazi wakiwa wengi, gawa kwa idara na upakie idara moja baada ya nyingine, ili mtandao ukikatika upoteze kundi moja badala ya yote, na ili ujue kundi gani lina kasoro. Kila kundi likimalizika, linganisha idadi ya picha zilizopokelewa na idadi ya mistari kwenye jedwali lako. Zisipolingana, soma ripoti ya makosa hadi mstari wa mwisho kabla ya kubonyeza chochote. Kupakia upya bila kusoma huleta nakala mbilimbili, na nakala hizo pengine utazilipia.

Mwenye uso ndiye hakimu

Matokeo yakirudi, yapitie wewe kwanza na uondoe yaliyoharibika waziwazi. Tazama meno, maana modeli hupenda kuongeza jino au kuziba mwanya. Tazama masikio na hereni, kama zinafanana pande zote mbili. Tazama kola na vifungo, miguu ya miwani inapoingia nyuma ya nywele, na mpaka wa nywele na mandhari. Tazama umri, kwa sababu watu wengi hurudishwa wakiwa vijana kuliko walivyo.

Kisha mpelekee kila mtu picha zake tatu au nne zilizo bora, pamoja na picha yake ya asili kwa kulinganisha, kwa kiungo kinachofunguliwa na yeye peke yake. Usiziweke zote kwenye folda ya wote ili kila mtu achague, kwani hapo sura ya mtu inakuwa mada ya mazungumzo ya ofisi kabla hajaikubali. Mwombe aionyeshe picha aliyoichagua kwa mwenzake anayemwona kila siku. Sisi wenyewe tunajijua kwa kioo, ambacho hugeuza kushoto kuwa kulia, na huenda tukapitisha picha ambayo wengine wanaona si sisi. Mtu akisema “huyu si mimi”, usibishane naye wala usimwonyeshe jinsi wenzake walivyokubali. Rudia kwa picha nyingine, au mpeleke kwenye ile njia ya kupigwa picha ya kawaida na kuihariri ili ilingane na za wengine.

Baada ya kukubaliwa

Hifadhi nakala kubwa ya kila picha iliyokubaliwa, kisha toa nakala ndogo kulingana na mahali zinapokwenda. Mifumo mingi huonyesha picha ndani ya duara, hivyo acha nafasi juu ya kichwa na pembeni. Sehemu ya picha, iitwayo thumbnailPhoto, katika Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kutunza akaunti za watumiaji wa ofisi, haipokei faili linalozidi kilobaiti 100, na kwa huko nakala ya pikseli 96 kwa 96 inatosha.

Mwombe mtoa huduma athibitishe kwa maandishi kwamba picha za asili na modeli zilizofundishwa kwa sura za wafanyakazi zimefutwa. Futa na zako: faili la zipu, folda ya vipakuliwa, na viambatisho vilivyobaki kwenye barua pepe za waliotuma kwa njia hiyo. Ongeza kwenye jedwali safu mbili, moja ya tarehe ya kukubaliwa na nyingine ya tarehe ya kufutwa. Mfanyakazi mpya akija, apitie hatua zilezile kwa mipangilio uliyoiandika wakati wa majaribio. Anayeondoka, picha yake iondolewe kwenye tovuti na kwenye mifumo yote siku akaunti yake inapofungwa.